Maji Yasiyojua Kiangazi

Maji ya Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, hayanyweki. Mji wa kiwanda cha magadi hupata maji ya kunywa kwa bomba kutoka miteremko ya Nguruman, na palipo na maji hayo mifugo hukusanyika, wanyamapori nao wakifuata. Hilo halishangazi. La kuangaliwa ni nyasi.

Kabla ya mabomba na visima virefu, nyika ya Kajiado ilijipumzisha yenyewe. Mvua ikinyesha, madimbwi yalijaa na makundi yakatawanyika. Madimbwi yakikauka, makundi yalirudi mtoni, na malisho ya mbali yakapata nafasi ya kuchipua. Ukichimba kisima cha kudumu katikati ya malisho hayo ya masika, yataliwa mwaka mzima. Pembeni mwa hori la kunyweshea hubaki vumbi tupu, na duara la vumbi hupanuka kila kiangazi. Ndipo ukame unapoua: mnyama ana maji mbele yake, lakini nyasi ziko mbali kuliko nguvu za miguu yake. Wa kwanza kuanguka ni pundamilia na nyumbu, ambao hawawezi kukaa mbali na maji. Choroa na swala twiga, wanaoweza kuishi siku nyingi bila kunywa, hori haliwasaidii kitu. Linawaletea majirani tu.

Afrika Kusini walilijua hilo kwa hasara. Katika Hifadhi ya Kruger visima vilichimbwa kwa mamia. Kaskazini mwa hifadhi vikawavuta pundamilia, pundamilia wakawavuta simba, na swala adimu aitwaye korongo akapungua kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi 45 hivi mwaka 1993. Visima vingi vya huko vikafungwa.

Amboseli, humuhumu Kajiado, mambo yalikwenda kinyume. Ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, Wamaasai walitakiwa kuacha vinamasi vyao na kunyweshea nje, kwa maji ya bomba. Bomba likajengwa; baada ya miaka michache likaharibika, na ng'ombe wakarudi vinamasini. Wangefanya nini kingine?

Jamii za Olkiramatian na Shompole, jirani na Magadi, zimetumia kifaa rahisi zaidi: kalenda. Eneo lao la hifadhi halina makazi ya kudumu, na ng'ombe huingia malisho ya huko kiangazi kinapobana. Kwa maoni yangu huo ndio uhandisi bora wa maji katika kaunti nzima, ingawa hauna hata pampu.

Pampu ndizo zinazonitia wasiwasi sasa. Ya dizeli ilikuwa na breki yake: pesa za mafuta zikiisha, kisima kilinyamaza na malisho yakapumua. Ya sola haidai kitu, husukuma maji kila jua linapowaka. Anayefunga mtambo huo afunge na koki ya kuzima maji malisho yanapohitaji kupumzika, na kamati ya malisho, si fundi, ndiyo ikae na ufunguo wake.