Kichwa Kisicho na Taji

Senti 10 ya wakati wa mkoloni ilikuwa na tundu katikati. Juu ya tundu lilikaa taji, jina la mfalme wa Uingereza likazunguka ukingo kwa Kilatini, na upande wa pili pembe mbili za ndovu zikalikumbatia tundu hilo. Kazi safi, lazima tukiri. Mchoraji alipewa duara lenye shimo, akalifanya shimo lenyewe kuwa sehemu ya mchoro.

Sarafu zilizofuata, za mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa, zilichorwa na Christopher Ironside, Mwingereza ambaye baadaye aliwachorea Waingereza wenzake sarafu zao za desimali. Watu walikuwa wamezoea kuona kichwa cha mtawala kwenye pesa, kama Wasweden wanavyomwona mfalme wao Carl XVI Gustaf hadi leo. Kichwa Ironside akakiacha, ya kifalme akayaondoa: hakuna taji, hakuna Kilatini. Ni uso wa Mwalimu Nyerere tu, yule aliyeishi Mtaa wa Ifunda hapa Magomeni miaka ya 1950, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho.

Na maandishi? Rais wa Kwanza. Wafalme nao huhesabiwa, lakini kwa kawaida mfalme hajiiti wa kwanza akiwa bado kitini. Hesabu huanza akija mwingine wa jina lake. Hapa chuma kilikuwa kimeshampisha wa pili kabla yeyote hajamjua. Miaka ya 1980 ilipokuwa inaelekea mwisho, sura ya Mzee Mwinyi ikaingia kwenye shilingi.

Ufundi wenyewe ni wa kujinyima. Mchongaji huanza na sahani kubwa ya plasta, kisha mashine huupunguza mchoro hadi ukubwa wa sarafu na kuuchonga kwenye chuma cha kugongea. Kinachopendeza kwenye plasta kinaweza kupotea huko njiani. Uso ukiinuliwa mno, pua ndiyo inayochakaa kwanza. Mikunjo ikizidi, inajaa uchafu. Na sarafu haikai kwenye kabati la kioo. Inapita kwenye mkono wa kondakta na kwenye kiganja cha muuza karanga anayetikisa sarafu barabarani ili asikike.

Kwa hiyo tazama senti 5, yenye pembe kumi na mbili, na sulisuli wake. Pezi la mgongoni lilivyotanda linaijaza nafasi yote, na hata likisuguliwa miaka mingi bado unamjua ni samaki gani. Senti 20 ina mbuni. Shilingi, mahali ambapo zamani simba alisimama mbele ya milima, ikapewa mkono ulioshika mwenge, ule uliowashwa Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Nasema ukweli, mwenge ndio ulionigusa kidogo zaidi. Mkono wake umekaa kama wa bango.

Bora zaidi ni thumni, senti 50, yenye sungura. Nani mwingine angempa mjanja wa hadithi za bibi heshima ya fedha? Simba amerudi kwenye shilingi 200, nyuma ya Mzee Karume, na nyati ameichukua jero, shilingi 500. Wanyama wakubwa, wenye vitisho vyao. Sungura hajapewa nafasi tena, na mimi naona tumepunjwa.