Kitabu cha Kuhariri Picha Hupimwa kwa Mgongo wa Mkono

Jumamosi iliyopita, katika duka moja la uchapaji hapa Kariakoo, nilionyeshwa picha ya bibi harusi iliyokuwa ikisifiwa na kila aliyeingia. Uso ulikuwa mweupe kama chokaa na laini kama yai lililomenywa, ilhali masikio yamebaki na weusi wake, na vidole vilivyoshika shada la maua vilikuwa kama vya mtu mwingine. "Ametakata!" walisema watu. Kijana aliyeitengeneza alinitolea kwa fahari kitabu alichojifunzia, akasema kimemfundisha kazi yote kwa siku kumi. Nilikifunua, nikaona bayana ulikoanzia ugonjwa. Kijana yule simlaumu sana; nawalaumu waliokiandika kitabu kile na wanaokisifu, na kwa ajili yao nimeshika kalamu.

Mnunuzi wa kitabu cha Photoshop, awe amesimama mbele ya vitabu vya mitumba vilivyopangwa kandokando ya barabara ya Samora au katika maduka ya vifaa vya ofisi ya Kariakoo, aghalabu huuliza swali moja tu: ni la toleo gani? Swali hilo ni la mgeni. Programu hii, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Leya ziliingia mwaka 1994, leya za marekebisho mwaka 1996, na orodha ya hatua zilizopita mwaka 1998. Maadamu nguzo hizo zimesimama tangu zamani zile, kitabu cha mwaka 2005 kilichoandikwa na fundi hukishinda cha mwaka jana kilichoandikwa na mpiga domo, kwa kuwa kinachozeeka ni mahali pa menyu, wala si maarifa.

Tamaa hiyo ya toleo jipya ndiyo inayowanenepesha walaghai. Niliwahi kuuziwa kitabu chenye jalada la toleo la karibuni, na ndani mna picha za skrini zilizopitwa na wakati kwa miaka kumi. Nilipolipeleka jalada kwenye mwanga niliona wingu dogo, lenye mkia ule ule, limejirudia mara tatu nyuma ya tarakimu: mhuri wa kunakili ulitumika kufuta namba ya kale, na aliyeutumia hakujua hata kubadili chanzo. Ghiliba ya pili imeenea zaidi, nayo ni kitabu cha rangi kilichodurufiwa kwa wino mweusi. Sura nzima ya joto la rangi ni kijivu, na picha ya kabla na ya baada ni pacha wasiotofautika. Mwanafunzi husoma kuwa wekundu umepungua, akaamini, asiuone.

Yako mambo mengine nisiyoyajadili. Kitabu kisicho na faharasa si mwongozo. Kitabu kinachotaja vitufe vya Mac peke yake hakimfai mtu wa Kariakoo, ambaye kompyuta yake aghalabu ni ya Windows. Kitabu kinachotaja idadi ya siku jaladani kirudishwe kilipotoka. Na kitabu kinachofundisha kufuta kabla ya kufundisha maski kimeandikwa na mtu asiyewahi kupoteza picha ya mteja.

Lakini hayo yote ni mlangoni tu. Jambo lenyewe nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio Gerezani, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika chumba cha giza, akisahihisha negativi kwa penseli iliyochongwa hadi ncha yake ikawa kama ya sindano. Akipewa kitabu, hakutazama jalada wala yaliyomo. Alitafuta ukurasa wa uso, akaulaza mgongo wa mkono wake kando ya picha, akanyamaza. Kama katika kitabu kizima hapakuwa na uso wenye rangi ya kukaribiana na mkono ule, alikifunga. Kama ulikuwapo, alitazama mahali patatu: chini ya kidevu, mahali nywele zinapokutana na sikio, na ukosi wa koti jeusi unapogusa shingo. Ikiwa pale koti na shingo vimekuwa giza moja, alisema mwandishi hajui kazi.

Hapa ndipo mwanagenzi asipopaona kamwe. Katika uso mweupe, umbo hujengwa na vivuli. Katika uso mweusi, umbo huchukuliwa na mng'ao: ule mstari wa nuru juu ya paji, juu ya mfupa wa shavu na juu ya mgongo wa pua. Vitabu vingi humwamuru msomaji auondoe mng'ao kwa kuwa ni jasho, kisha avinyanyue vivuli ili uso uchangamke. Katika uso wetu amri hizo mbili ni maangamizi: mng'ao ukiondoka mfupa umekwenda nao, na kivuli kikinyanyuliwa kupita kiasi hugeuka majivu. Tarakimu zenyewe hutoa ushahidi. Katika nuru ya kawaida, ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, nyekundu yake huzidi kijani, na kijani huzidi bluu. Siku bluu inapowakaribia wenzake, mtu yule amekuwa maiti kwenye karatasi. Kitabu chema humfundisha msomaji kuweka kidondoa rangi juu ya shavu na kusoma tarakimu hizo kabla hajagusa kitu.

Upofu huu una nasaba yake. Kwa miaka mingi Kodak iliwapa mafundi wa maabara kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, nayo ikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani, na sisi tulitoka pichani hivyo hivyo. Waandishi wengi wa miongozo wameirithi kadi ile bila kujua. Mafundi wa zamani wa pwani hii hawakuwa na anasa ya kutojua: mtu kama Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, wateja wake walikuwa wa kila rangi, na kila mmoja alitaka kujitambua. Katika studio za siku zile mwanafunzi alikaa miezi akiosha sahani za chumba cha giza kabla hajaruhusiwa kugusa uso wa mtu.

Atakaye jina la mwandishi wa kuaminika, nampa. Dan Margulis, katika Professional Photoshop, hufundisha kuziamini tarakimu kuliko skrini. Katrin Eismann, ambaye kitabu chake cha kurejesha picha kuukuu kilitoka kwanza mwaka 2001, anamfaa fundi anayeletewa picha za marehemu zilizoliwa na unyevu. Na asiye na fedha za kulipia programu kila mwezi aisome GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, iliyotolewa bure tangu mwaka 1996, pamoja na mwongozo wake usiouzwa.

Nilimwambia kijana yule aulaze mgongo wa mkono wake juu ya kitabu chake. Alikigeuza ukurasa kwa ukurasa hadi jalada la nyuma, asipate pa kuulaza. Ndipo nikamwomba anifungulie picha ya asili ya bibi harusi, niione ilivyokuwa. Akainamisha kichwa: alikuwa amefanya kazi yote juu ya leya moja, akahifadhi juu ya faili lile lile, na kadi ya kamera ilikwisha kufutwa kwa ajili ya harusi iliyofuata. Kitabu hakikumwambia. Miaka arobaini baadaye wajukuu wa mwanamke yule wataitoa picha sandukuni kumtafuta bibi yao, na watamtambua kwa vidole.