Kuangalia Kabla ya Kutaja Ugonjwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Irwin Braverman, daktari wa ngozi na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alikuwa na tatizo ambalo kila anayefundisha wodini analifahamu. Wanafunzi walijua majina ya magonjwa mengi, lakini wakiambiwa waeleze upele ulio mbele yao, walikwama baada ya maneno mawili matatu. Alimfuata Linda Friedlaender, aliyekuwa akihudumu katika jumba la sanaa ya Uingereza la chuo hicho, mjini New Haven, na wawili hao wakabuni somo ambalo vyuo vingi vimeliiga tangu hapo. Shida ni kwamba wengi wanaoliiga huchukua picha na kuacha utaratibu, ilhali utaratibu ndio uliofanya kazi.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikwenda kwenye jumba hilo kwa vikundi vidogo, kila mmoja akapewa mchoro wake, aghalabu wa karne ya 19, wenye watu na kisa kisichojifunua mara moja. Maelezo ya ukutani hayakusomwa. Mwanafunzi alitazama kwa si chini ya dakika 10, akiwa kimya, kisha akawaeleza wenzake kila alichokiona. Hapo ndipo ukali wa somo ulipoanza. Akisema mwanamke wa kwenye picha ana huzuni, aliulizwa huzuni hiyo ameiona wapi: kwenye macho, mabega au vidole? Wenzake walitaja alichokiruka. Tafsiri ilingojea hadi ushahidi wote uwe mezani.

Chukua mchoro wa Henry Wallis wa kifo cha mshairi Thomas Chatterton, ambao jumba hilo lina toleo lake dogo. Kijana amelala kitandani chini ya dirisha, mkono mmoja umeangukia sakafuni. Amelala usingizi, amelewa, au amekufa? Anayekimbilia jibu hutosheka na mkao wa mwili. Anayeendelea kutazama huiona rangi ya uso, kichupa kilicho sakafuni, karatasi zilizochanwachanwa, mshumaa uliozimika. Kila kimoja kinapunguza uwezekano mmoja na kuongeza mwingine. Chatterton alifariki London mwaka 1770, akiwa na miaka 17, kwa sumu ya aseniki. Lakini mwanafunzi hahitaji kulijua hilo ili afike karibu na ukweli.

Kwa nini mchoro, na si picha ya mgonjwa moja kwa moja? Hii ndiyo hoja ya Braverman ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Mbele ya picha ya mgonjwa, mwanafunzi tayari ana dhana ya kipi ni muhimu, na macho yake huruka yaliyobaki. Mbele ya mchoro asioujua hana dhana hiyo. Hajui kama kitufe cha koti kina maana kuliko kivuli kilicho mlangoni, kwa hiyo hulazimika kuvichunguza vyote kwa uzito uleule. Ugeni wake kwa sanaa unageuka kuwa nyenzo ya kufundishia.

Waandaaji hawakuishia kwenye kusifiwa na wanafunzi. Waligawa wanafunzi katika makundi: moja lilikwenda kwenye jumba la sanaa, jingine likaendelea na mafunzo ya kawaida ya kumpima mgonjwa, na la tatu likapata mhadhara wa kusoma picha za eksirei. Wote walipimwa kabla na baada kwa kueleza picha za watu wenye magonjwa. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2001, yalionyesha kundi la sanaa likiwapita wengine kwa karibu asilimia 10. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio kama hilo lenye wanafunzi 36: nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipata vipindi sita vya saa moja na nusu katika jumba la sanaa la Philadelphia. Hawakufundishwa lolote la kitabibu humo, lakini walipopimwa kwa picha za magonjwa ya macho walieleza vizuri zaidi.

Tusizidishe. Majaribio haya yalipima uwezo wa kuona na kueleza. Hayakupima kama mgonjwa alipona haraka zaidi. Madai kwamba sanaa humfanya daktari awe na huruma nayatamani yawe kweli, ila ushahidi wake bado ni mwepesi kuliko huu wa macho.

Kwetu Afrika, haja ya macho hayo ni kubwa. Vitabu vingi vya tiba vinaeleza wekundu wa ngozi kama unavyoonekana kwa Mzungu; kwenye ngozi nyeusi dalili hiyohiyo inaweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu au nyeusi zaidi. Upungufu huo ndio uliomsukuma Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, kushirikiana na walimu wake mwaka 2020 kuandaa kitabu cha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Mjini Moshi, Tanzania, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofunguliwa 1992, kinachofundisha madaktari na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi aliyezoea kutaja rangi anayoiona, si rangi aliyoisoma, ana faida pale.

Wala hatuhitaji michoro ya Uingereza. Picha za Tingatinga za wanyama sizipendekezi kwa zoezi hili, maana nyingi husomeka kwa mtazamo mmoja. Kinyago cha Kimakonde cha ujamaa kinafaa zaidi: watu wamebebana kuanzia chini hadi juu ya gogo moja, na huwezi kuwaona wote bila kukizunguka na kuinama.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa wakufunzi wa udaktari, uuguzi na utabibu. Wekeni kinyago kimoja mezani, wapeni wanafunzi dakika 10 za kimya, na msikubali jina lolote la hisia au ugonjwa kabla ya kutajwa kinachoonekana. Na kabla hamjaanza, wapimeni, ili baadaye mjue kama imesaidia.