Redio ya Taifa Mezani kwa Fundi

Fundi redio wa Kiriba hafungui redio kabla hajaisikiliza. Anaipokea kwa mikono miwili, anaiinamisha kushoto, kisha kulia, akitega sikio kama kuna skrubu iliyolegea inayogonga ndani. Anafungua mlango wa betri na kunusa. Anaweka betri zake mwenyewe, anawasha, anaizungusha volyumu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha anairudisha. Spika inakwaruza. Mshale wa stesheni haujongei hata ukizungusha mpaka uchoke. Mama aliyeileta, ambaye fundi amemwamkia shikamoo ingawa naye fundi ana mvi, amekaa kwenye benchi chini ya mwembe.

“Imekufa, fundi?”

“Haijafa, mama. Imekatika kamba, na volyumu ina vumbi. Wewe pumzika.”

Redio yenyewe ni National ya bendi tatu: masafa ya kati, masafa mafupi na FM. Aliinunua marehemu mume wake. Kiriba iko kando ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma Vijijini, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka studio za Dar es Salaam. Historia ya redio ya taifa kwa kawaida husimuliwa kutoka kule studioni: majina ya watangazaji, majina ya vipindi, majina ya shirika yaliyobadilika. Lakini sauti iliyorushwa na isipokelewe ni umeme uliopotea hewani. Kazi iliyoanzia Dar ilikamilishwa na watu kama huyu, kwenye meza kama hii.

Anaanza na skrubu. Kila anayoitoa anaiweka kwenye kizibo cha soda, na vizibo amevipanga mezani kwa umbo la redio: pembe nne, katikati mbili, na ile fupi iliyokuwa chini ya mpini. Nilipomuuliza kwa nini haziweki pamoja, alinijibu kwamba skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itatoboa bodi, na bodi haina kiraka. Kifuniko cha nyuma kinatoka. Kabla ya kukitenga anafuata kwa macho waya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye spika na waya moja inayokwenda kwenye antena, kwa kuwa mafundi wenye haraka huzikata hapo.

Kwanza, nyumba ya betri. Betri iliyoachwa ndani hadi kupasuka imetoa ukungu wa kijani kwenye springi. Anaukwangua kwa msasa uliokatwa vipande vyembamba, anafuta kwa kitambaa chenye spiriti, anatazama, anakwangua tena mpaka chuma king'ae. Anasema redio nyingi zinazoitwa mbovu ugonjwa wao uko hapa. Betri zilikuwa mali. Katika Tanzania ya Azimio la Arusha, redio za National na betri zake zilitengenezwa Dar es Salaam, na za Philips zilitengenezwa Arusha, lakini redio moja bado ilisikilizwa na nyumba nyingi. Mwaka 1973, Redio Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi vya usikilizaji: walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Fundi alikuwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kuibeba redio hadi kwenye kivuli cha mkutano na kutoa betri mara kipindi kinapokwisha, zisiishe bure. Tangu hapo, anasema, hajawahi kuona betri ikilala ndani ya redio bila moyo kumsumbua.

Pili, volyumu. Ndani yake mna njia nyembamba ya mkaa, na juu ya mkaa huo kidole cha shaba huteleza. Vumbi likiingia kati yao, sauti hukwaruza. Fundi anadondosha tone moja la spiriti kwenye upenyo wa pembeni, halafu anazungusha kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akiwa ameangalia ziwani. Anangoja ikauke. Anawasha: mkwaruzo umepungua. Tone jingine. Hapo ndipo unapojua kwamba ana sikio. Mimi nilidhani imeshapona kwenye tone la pili. Yeye alisikia bado inauma pale robo ya kwanza, ambapo watu wengi huiweka redio usiku watoto wakiwa wamelala.

Sauti ya Tanzania Bara iliyopita kwenye volyumu za namna hii kwa miaka mingi ilikuwa moja tu. Ilianza mwaka 1951 kama kituo cha majaribio, Sauti ya Dar es Salaam, kwa ajili ya mji na jirani zake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikiwa na makao Barabara ya Pugu. RTD ilikuwa na idhaa zake: Idhaa ya Taifa kwa habari, elimu na hotuba, Idhaa ya Biashara kwa matangazo na muziki, na Idhaa ya Nje, ambamo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa muda wa kuzungumza na watu wao. Bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilikwenda kurekodi kwenye studio hizo hizo, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, kanda ikizunguka. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Anayezungusha volyumu mara kwa mara chini ya mwembe na aliyerudia wimbo kule Barabara ya Pugu walikuwa na subira ya aina moja.

Tatu, kamba. Hii ndiyo kazi niliyoijia. Ukizungusha kitufe cha stesheni, hakigusani na mshale moja kwa moja. Uzi unatoka kwenye gurudumu la plastiki lililofungwa kwenye kapasita inayozunguka, unapita kwenye roda ndogo za pembeni, unajizungusha kwenye shina la kitufe, unavuka mbele ya kioo ukiwa umebeba mshale, kisha unarudi kwenye gurudumu na kushikwa na springi. Ukikatika, hakuna alama inayobaki kukuonyesha ulikopita.

Fundi anachukua uzi wa kusokotwa wanaotumia wavuvi kushonea nyavu. Mshipi wa plastiki anaukataa: unateleza kwenye shina, na ukipata joto unarefuka. Anaupitisha uzi kwenye kipande cha utomvu anaotumia kulehemu, ili ushike. Anazungusha kapasita hadi mwisho, anafunga fundo la kwanza kwenye springi, anashuka kwenye roda ya kushoto, anazungusha shina mara tatu. Mara mbili ungeteleza, mara nne ungejipanda wenyewe. Anavuka kulia, anapanda, anarudi. Sasa kidole kimoja kimekaza uzi, kibanio cha nguo kimeshika upande wa pili, na meno yamevuta springi. Fundo la mwisho analifunga bila kuona, kwa ncha za vidole, nyuma ya gurudumu.

Linateleza. Springi inaruka, uzi wote unalegea na kujikunja kwenye bodi. Fundi hasemi kitu. Anauondoa, anaunyoosha, anaupaka utomvu tena, anaanza kwenye springi. Mama anacheka kidogo na kusema kwamba mume wake angekuwa amekwisha kuitupa. Safari hii fundo linashika. Anazungusha kitufe, na gurudumu linakwenda bila kusita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bado hajabandika mshale. Anasema mshale unabandikwa na kituo.

Kwenye bodi anagonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, kona kwa kona. Karibu na spika sauti inakatika na kurudi: tone la risasi limepasuka, ufa mdogo kama unywele. Chuma chake cha kulehemu ni cha umeme, ingawa kile cha zamani kilichopashwa kwenye jiko la mkaa bado kinaning'inia ukutani. Anagusa, anahesabu kimoyomoyo, anaongeza risasi kidogo sana, anaondoa. Tone linapoa likiwa laini na linang'aa. Likiwa la kijivu na chembechembe, analirudia.

Nne, kupatanisha mshale na masafa. Mchana fundi hufanya nusu tu ya kazi hii. Ana redio ndogo ya pili ambayo kioo chake amekikwaruza alama kwa msumari. Redio ya namna hii inapopokea kituo, hutengeneza ndani yake wimbi lake lililo juu ya kituo hicho kwa kilohezi 455, na wimbi hilo huvuja kidogo nje. Kwa hiyo anaielekeza ile ndogo kwenye alama ya 945, anaisogeza karibu, naye anajua kwamba hewani hapo pana wimbi la 1,400. Anazungusha redio ya mama mpaka mchakacho wa hewa unyamaze ghafla. Amelikuta. Sasa anabandika mshale palipoandikwa 1,400 na kuugandisha kwa tone la gundi.

Upande wa chini wa masafa unasubiri usiku. Jua likizama, tabaka la anga linalomeza mawimbi ya kati mchana hutoweka, na vituo vya mbali hufika. Hapo fundi hutafuta kituo anachokijua mahali pake, kisha anazungusha kiini cha koili nyekundu kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga bapa, kwa kuwa bisibisi ya chuma ikikaribia tu inayapotosha masafa. Visanduku vitatu vya jirani, chenye kichwa cha njano, cheupe na cheusi, havigusi. Viliwekwa sawa kiwandani, na anayevichokoza bila sababu ameiua redio. Halafu anasogeza koili ya waya mwembamba kwenye kijiti cheusi cha antena, milimita kwa milimita, hadi sauti ijae. Anarudi juu kwenye 1,400: pameyumba kidogo. Anasahihisha. Anarudi chini: nako kumeyumba, ila kidogo zaidi. Anakwenda na kurudi mpaka pande zote mbili zikubaliane. Radi za ziwani zikianza kupasua sauti, anazima na kungoja zipite. Mwisho anadondosha nta ya mshumaa kwenye koili, isihame tena.

Usahihi huo una maana yake. Mpango wa Geneva wa 1975 uliyapanga masafa ya kati ya Afrika kwa hatua za kilohezi 9 tu, na hapa mkoani Mara vituo vya Kenya na Uganda viko jirani. Mshale ukikosea kidogo, msikilizaji anayetafuta taarifa ya habari anaangukia nchi nyingine. Tena haikutosha kuwa na redio nzima. Kituo cha kurushia kilicho karibu nawe nacho kilikuwa na maamuzi yake. Mwaka 1993 RTD ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI kupitia maisha ya Mkwaju, dereva wa lori, eneo la Dodoma halikuusikia hadi 1995. Mtambo wa kule ulirusha vipindi vya kwao wakati huo, na watafiti wakautumia ukimya huo kulinganisha waliosikia na wasiosikia.

Mwaka huo huo wa 1993 sheria ilifungua milango kwa redio binafsi. Radio One ikaja mwaka 1994, na watangazaji wa RTD wakahamia huko, akiwemo Julius Nyaisangah, mtoto wa mkoa huu wa Mara. Radio Free Africa ikasikika kutoka Mwanza. Muziki ukaongezeka, maongezi yakawa mepesi, saa za matangazo zikarefuka. Wateja wakaanza kuulizia FM. Fundi anakumbuka wiki moja tu ambapo kila redio iliyoletwa ilitakiwa kushika Idhaa ya Taifa na si kingine: Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 na kuzikwa tarehe 23 Butiama, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 2002 RTD ikaingizwa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na miaka michache baadaye ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Idhaa ya Taifa sasa ni TBC Taifa, na wengi wanaipata kwenye FM.

Mama huyu naye anaisikiliza kwenye FM. Nilimuuliza fundi kwa nini basi anahangaika usiku na masafa ya kati ambayo mteja hatayafungua.

“Redio ina bendi tatu,” alisema. “Haitoki kwangu na mguu mmoja.”

Asubuhi anarudisha skrubu, kila moja kutoka kwenye kizibo chake. Anaifuta redio kwa kitambaa kikavu na kuiwasha mbele ya mwenyewe, bendi kwa bendi, ili mama azungushe kwa mkono wake na kuona mshale ukitii. Bei anayotaja ni ndogo kuliko ya redio mpya ya dukani, na haifiki thamani ya saa alizotumia.

Watangazaji wa RTD wanakumbukwa kwa majina, na wanastahili. Mafundi waliowafikisha majumbani hawana orodha popote. Kama nyumbani kwenu kuna redio ya zamani iliyonyamaza, usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Itoe betri leo, umtafute fundi wa karibu kabla hajastaafu, na akianza kazi usimharakishe.