Wanja Ulitoka kwa Nani?

Vitabu vya jela tunavipenda, na nyota wake ni tishu. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya *Kenya: Twendapi?*, aliandika mashairi ya *Sauti ya Dhiki* kwenye karatasi ya choo. Ngũgĩ naye akaandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi kama hiyo akiwa Kamiti. Halafu kuna Nawal El Saadawi wa Misri, aliyekamatwa Septemba 1981 wakati wa Sadat na kutupwa kwenye jela ya wanawake ya Qanatir. Yeye kalamu yake ilikuwa wanja wa nyusi.

Kawaida tunaishia hapo na kupiga makofi. Mimi nauliza: huo wanja ulitoka kwa nani?

Jibu limo kwenye kitabu chake, *Memoirs from the Women's Prison*. Ulitoka kwa mfungwa jirani, mwanamke aliyefungwa kwa ukahaba. Yeye ndiye aliyempa daktari msomi kifaa cha kuandikia. Bila yeye, hatuna kitabu.

Ninachokipenda kwa Saadawi ni kwamba hajiweki peke yake jukwaani. Seli yake imejaa. Kuna wanawake wa nikabu na wanawake wa siasa za mrengo wa kushoto, wanabishana na bado wanalala chumba kimoja. Kuna pia mwanamke aliyemuua mumewe kwa jembe baada ya kumkuta akimnajisi binti yao. Saadawi anamtazama huyu kwa heshima kuliko anavyomtazama afisa yeyote.

Lakini mlango wa jela hauwafungukii wote sawa. Sadat aliuawa Oktoba, na Novemba Saadawi akawa nje. Alikuwa na taaluma, nyumba, na wasomaji wanaomngoja. Aliyefungwa kwa siasa hutoka na jina lililokua. Sasa aliyefungwa kwa ukahaba hutoka na nini?

Hata riwaya yake maarufu, *Woman at Point Zero*, inalikwepa swali hilo. Firdaus, aliyemuua kuwadi wake, anakataa kutia saini barua ya kumwomba rais amwondolee kitanzi. Ni uamuzi mkali na unakutetemesha. Ila tuseme ukweli, kifo humrahisishia mwandishi kazi. Firdaus hatarudi mtaani kutafuta nyumba ya kupanga. Hatamkuta mtoto amemsahau. Anabaki jasiri milele, manake hakuna kesho ya kumchosha.

Hapa kwetu kesho hiyo tunaijua. Sheria inamruhusu mama kukaa jela na mtoto wake hadi mtoto afikishe miaka minne. Fikiria mtoto ambaye neno lake la kwanza kalisemea Lang'ata. Fikiria mama akitoka, anatafuta kazi, na mwajiri anaitisha kile cheti cha tabia njema cha DCI ambacho sisi wenyewe tumekipigia foleni. Kifungo kimeisha kwenye kalenda, lakini kwenye karatasi bado kipo.

Teresa Njoroge, aliyefungwa Lang'ata mwaka 2011 akiwa na mtoto mchanga, alisimama kwenye jukwaa la TED mwaka 2017 akasema hakutenda kosa lile. Watu walimsikiliza, na walifaa kumsikiliza. Nguvu ya hotuba yake, kwangu, ni pale anapojisogeza kando na kuwazungumzia wale aliowakuta ndani, wengi wao wakiwa wamefikishwa pale na umaskini. Alipotoka alianzisha Clean Start, kuwasaidia wanaotoka.

Lakini ona mtindo wetu wasomaji. Mfungwa wa kike tunampokea akiwa mwanasiasa, akiwa hana hatia, au akiwa amekufa. Aliyeuza chang'aa kweli, aliyeiba kweli, aliyempiga mtu kweli, huyo tunamwachia mahubiri na vichekesho. Huo si ukosefu wa stori. Ni uchaguzi, na wahariri na sisi wasomaji tunaufanya pamoja.

Kitabu ninachokisubiri kimeandikwa na mwenye wanja. Kinaanzia langoni, asubuhi, na nauli ya matatu haijatimia. Huenda mwandishi wake ana hatia. Huenda hapendeki. Huenda haombi msamaha hadi ukurasa wa mwisho. Kikitoka, tutakinunua?