Je, "Kikosi Kazi" ni Istilahi Inayofaa?

Miongoni mwa istilahi za Kiingereza zinazowatatiza wafasiri wetu ni zile zitajazo makundi ya watu wanaokusanywa kwa muda ili kutimiza kazi moja, kisha wakatawanyika. Siku hizi mengi ya makundi hayo huitwa "kikosi kazi". Tunaona inafaa istilahi hiyo ipimwe.

Asili yake ni lugha ya wanamaji wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mfasiri aliyachukua maneno mawili ya Kiingereza, akaweka mawili ya Kiswahili mahali pake, bila hata kiunganishi "cha". Lakini ila iliyo kubwa zaidi ni ya maana. Tusikiapo "kikosi" katika shughuli za Serikali, kwanza huwafikiria askari. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, iliyosumbuliwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, watu wanaotumwa kuwasaka wahalifu baharini wakiitwa kikosi, neno limekaa mahali pake. Lakini barua ikipelekwa kijijini kueleza kwamba "kikosi kazi" kitafika kusikiliza maoni ya wananchi juu ya ardhi yao, mzee aisomaye atatarajia bunduki, si daftari. Wenye maoni wataogopa kufika, na lawama itakuwa ya mfasiri.

Kundi lililoongozwa na Profesa Rwekaza Mukandala, lililotoa taarifa yake kuhusu demokrasia ya vyama vingi mwaka 2022, liliitwa Kikosi Kazi. Miaka 30 kabla yake, kundi la Jaji Francis Nyalali, lililokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama, liliitwa Tume. Neno hili latokana na kutuma: lenyewe latangaza kwamba yupo aliyetuma na ipo taarifa atakayorudishiwa. Ni kweli kwamba zipo tume za kudumu, kama ile ya uchaguzi. Penye shaka, na tuseme "tume ya muda".

Lindi inatupa mfano mwingine. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria huko Tendaguru. Mamia ya wenyeji walichimba, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao, na wapagazi wakaibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kundi liendalo mbali kwa shabaha moja, Kiswahili hakikosi jina lake: ni msafara.

Kwa hiyo tunapendekeza mfasiri ajiulize kwanza: nani amewatuma, wanakwenda kufanya nini, na kazi yao itakoma lini? Waendao kupambana na kukamata ni kikosi. Watumwao kuchunguza na kuleta taarifa ni tume. Wabunge walioteuliwa na Bunge kwa shauri moja, kama lile la Richmond la 2007, ni kamati teule. Wataalamu waitwao kutoa hukumu ya kitaalamu ni jopo. Maneno tunayo, linalotakiwa ni kuyachagua.