Maji, Neno na Dhamana: Anguko la Kinjeketile kwa Msomaji wa Bukavu

Chanzo cha anguko la shujaa wa tanzia ni suala la zamani katika uhakiki. Aristotle alilihusisha anguko hilo na kosa la shujaa, si uovu wake. Tafsiri mbili za S. S. Mushi zinamwonyesha msomaji wa Kiswahili ncha mbili za suala hili. Katika Makbeth (1968), wachawi wanatabiri, lakini mkono unaoshika kisu ni wa Makbeth mwenyewe. Katika Mfalme Edipode (1971), shujaa anaukimbia utabiri na kwa kukimbia huko anautimiza. Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein, imesimama kati ya ncha hizo.

Nguvu za nje katika tamthilia hii ni nyingi na nzito. Kuna utawala wa Wajerumani uliowalazimisha watu kulima pamba, uliozusha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kuna Hongo, mzimu unaompagaa Kinjeketile na kumpa maji. Kuna pia watu wenyewe, ambao uchungu wao hauwaachi wasubiri. Kwa kutazama hayo tu, mtu aweza kusema kwamba Kinjeketile ni chombo kilichotumiwa.

Hata hivyo, msuko wa tamthilia unabadilika pale anaposema kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelewa maana ya maneno hayo, anaanza kuishuku sauti iliyosema kwa kinywa chake. Kabla ya hapo hana la kujibu, kwani aliyepagawa hana hiari. Baada ya hapo hiari ipo, na dhamana inaanza. Anataka vita vingojwe, lakini shaka yake haiwafikii watu kwa nguvu ile ile ambayo ahadi ya maji iliwafikia. Kosa lake si kupokea neno. Ni kuliacha litembee peke yake baada ya yeye kulitilia shaka.

Kwa msomaji wa Bukavu jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa dawa na kwenda vitani wakiita «Mai Mulele», wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji. Agosti mwaka huo waliushambulia mji wa Bukavu, wakarudishwa nyuma na jeshi lililoongozwa na Kanali Léonard Mulamba. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa akipigana mbali, huko Kwilu. Jina lake lilikuwa limekwisha kuwa neno kubwa kuliko mwenye jina. Katika miaka ya 1990 wapiganaji wa Kivu walijiita Mayi-Mayi, kwa matamshi ya maji katika Kiswahili cha huku.

Dawa ya Simba ilikuja na miiko: mpiganaji asiibe, asiguse mwanamke, asitazame nyuma. Aliyepigwa risasi akafa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko. Kwa utaratibu huo maji hayakosei kamwe, na lawama humwangukia maiti. Hussein anaigeuza hesabu hiyo. Katika tamthilia yake anayeulizwa si aliyekufa, bali aliyetoa maji.

Inaweza kupingwa kwamba kumlaumu Kinjeketile ni kumpunguzia mkoloni hatia. Pingamizi hili linachanganya maswali mawili. Nani aliwaonea watu? Jibu ni mkoloni, na tamthilia haina shaka. Nani anajibu kwa neno waliloliendea vitani? Hapo mkoloni hawezi kumjibia mtu.

Ndiyo maana onyesho la gerezani lina uzito. Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo, naye anakataa, kwa kuwa mtawala angewaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Wahakiki wanaweza kutofautiana kama kukataa huko ni ushujaa au ni kuendeleza kosa. Yaelekea ni yote mawili: hawezi kulirudisha neno bila kuifuta haki ya vita, wala kulishikilia bila kuwaachia warithi imani ambayo yeye mwenyewe ameitilia shaka. Lakini safari hii hapagawi wala hasukumwi na umati. Anachagua akiwa na akili zake, na gharama anailipa kwa maisha yake mwenyewe. Maji yalitoka kwa Hongo. Jibu la gerezani ni lake.